UZI: Kapteni Alatriste kwenye televisheni. Upanga upo, joho lipo, ila msimulizi Íñigo wamempeleka wapi?

Panga la Flandes:

Wakuu, habari za jioni. Nimeitazama upya tamthilia ya Kihispania ya *Las aventuras del capitán Alatriste*, sehemu zote 13, safari hii vitabu vikiwa pembeni. Nina maneno mengi, kwa hiyo mwenye haraka apite, uzi utamsubiri.

Kwa wasioifahamu: vitabu ni vya Arturo Pérez-Reverte, mzaliwa wa Cartagena, Hispania, 1951. Kabla ya riwaya alikuwa mwandishi wa habari za vita kwa miaka 21, akaacha kazi hiyo 1994. Miaka miwili baadaye kikatoka *El capitán Alatriste*, alichokiandika pamoja na binti yake Carlota aliyekuwa bado mwanafunzi. Mzee aliona kitabu cha shule cha bintiye kinaipita karne ya 17 kama basi lisilo na abiria wa kushusha, na karne yenyewe ndiyo ile ya waandishi Cervantes, Lope de Vega na Quevedo, na mchoraji Velázquez. Akaamua kuisimulia mwenyewe. Leo vitabu vimefika vinane. Cha mwisho, *Misión en París*, kimetoka 2025.

Shujaa wake ni Diego Alatriste y Tenorio, askari mkongwe wa vita vya Flandes (upande wa Ubelgiji na Uholanzi za leo). Ukapteni wenyewe ni jina la utani. Usiku mmoja wa baridi kali, Diego, askari wenzake 29 na kapteni wao halisi walivuka mto wakiwa na mashati tu ili wasionekane kwenye theluji, panga wameziuma kwa meno. Kapteni akauawa ng'ambo, Diego akashika uongozi siku nzima mpaka giza lilipoingia, na waliorudi walikuwa wawili. Jina likabaki, cheo hakikuja, mshahara ndiyo kabisa. Tunapokutana naye Madrid 1623 ametoka gerezani kwa sababu ya madeni, analala nyuma ya kilabu cha mvinyo cha Caridad la Lebrijana, na anaishi kwa kukodisha upanga wake kwa wenye visasi vyao.

Sasa televisheni. Kituo cha Telecinco cha Hispania waliianza Januari 2015, Aitor Luna akiwa Alatriste. Ilirekodiwa Hungary, upande wa Budapest. Ilianza na watazamaji wengi, wakapungua wiki hadi wiki, na msimu wa pili haukuja. Wengi husema iliuawa na mandhari: mitaa ya Madrid inaonekana imejengwa juzi, nguo zimetoka kufuliwa, na jua kali la Castilla halipo. Ni kweli, inaumiza macho. Lakini nimekaa na vitabu nikaona jeraha kubwa liko kwingine.

Kwenye vitabu msimulizi ni Íñigo Balboa. Baba yake, Lope Balboa, alikuwa rafiki wa kapteni na alikufa vitani Flandes. Kapteni alimwahidi kumtunza mtoto. Íñigo ana miaka 13 hivi mambo yanapoanza, lakini anayesimulia ni Íñigo mtu mzima sana, askari aliyezeeka, anayekumbuka. Anakwambia mapema nani atakufa na wapi. Anakwambia mapema kwamba yule msichana mzuri wa macho ya buluu, Angélica de Alquézar, atamletea maangamizi, na kwamba alimpenda hata hivyo. Kapteni mwenyewe haongei. Anakunywa, anatazama ukuta, anafuta upanga. Kimya kile kina uzito kwa sababu kuna mtu pembeni anayempenda na anayejaribu kukielewa tangu utotoni.

Televisheni ikamfanya Íñigo kuwa mhusika mmoja kati ya wengi. Kamera iko kila mahali: chumbani kwa mfalme, kwa waziri wake Olivares, kitandani kwa mwigizaji María de Castro. Tunaona kila njama kabla haijamfikia kapteni. Yule mtu asiyeongea amebaki kijana mzuri wa sura ambaye haongei, basi. Kwangu hadithi hii ni ya mtoto anayemwangalia mtu mzima aliyevunjika na kujiuliza kama naye atakuwa hivyo. Ukimpa kamera mtu mwingine umeandika hadithi nyingine.

Na jambo la pili ni njaa. Kapteni anakubali kuua wasafiri wawili wa Kiingereza usiku kwa sababu hana kitu mfukoni. Hakuna sababu nyingine. Hispania ilikuwa inapokea kwa meli fedha ya migodi ya Potosí, Amerika ya Kusini, na bado hazina ya mfalme ilitangaza kufilisika 1627. Askari walikaa muda mrefu bila posho mpaka wakaasi kambini. Pérez-Reverte anaandika hilo kwa hasira ya mtu aliyeona vita kwa macho yake. Kwenye tamthilia sikuiona hasira ile. Karibuni.

Kiti cha Mbele:

Mkuu uzi mzito huu. Hivi ndiyo ile ya Viggo Mortensen? Niliwahi kuiona zamani, nakumbuka mwisho tu, wale askari wamesimama kwa mikuki mirefu wakisubiri kufa.

Panga la Flandes:

Hapana mkuu, hiyo ni filamu, *Alatriste* ya 2006, muongozaji Agustín Díaz Yanes. Iligharimu kama euro milioni 24, fedha nyingi sana kwa sinema ya Hispania wakati huo. Mortensen alizungumza Kihispania mwenyewe, maana sehemu ya utoto wake ilikuwa Argentina. Mwisho unaoukumbuka ni Rocroi, tarehe 19 Mei 1643, siku ambayo vikosi vya miguu vya Hispania, vile tercios vilivyoogopwa Ulaya nzima, vilikatwakatwa na Wafaransa.

Filamu ilipata tuzo tatu za Goya, zile za sinema za Hispania, na mavazi yake mpaka leo ndiyo kipimo. Tatizo ni kwamba imebeba mambo ya vitabu vitano ndani ya saa mbili na ushee. Ukiwa hujasoma, mtu anaingia, anachomwa upanga, anatoka, hujui alikuwa nani. Ndiyo maana niliposikia televisheni imechukua nilifurahi sana. Saa zote zile! Nikasema sasa Íñigo atapata nafasi ya kukua.

Ila tazama uso wa Mortensen. Alikuwa na miaka 47 hivi. Kwenye kitabu Diego aliingia jeshini na miaka 13, na 1623 amekaribia au amefika 40. Aitor Luna alikuwa mwanzoni mwa thelathini. Anajua kuigiza, simlaumu, lakini uchovu wa miaka 25 ya vita haupakwi kwa vipodozi.

Mama Riwaya:

Kaka Panga, naheshimu uzi wako ila naomba nikupinge.

Mimi nilianza na tamthilia, vitabu vikafuata. Bila hiyo nisingejua hata jina la Alatriste. Filipe Duarte, yule Mreno aliyecheza Gualterio Malatesta, muuaji wa kukodiwa na adui wa kapteni (Duarte alifariki 2020, Mungu amrehemu), alinifanya nimwogope na nimwonee huruma kwa wakati mmoja. Malatesta anatembea anapiga mluzi, ukisikia mluzi moyo unaruka. Mwigizaji wa namna hiyo hapatikani kila siku.

La pili, unasema kamera imeingia kila chumba kana kwamba ni dhambi. Fikiria wanawake. Kwenye vitabu Caridad la Lebrijana tunamwona kwa macho ya mvulana: anapika, anagombana, analia, anamsubiri kapteni kitandani. María de Castro ni mwigizaji maarufu wa Madrid anayetamaniwa na mfalme, lakini anawaza nini? Íñigo hajui na hawezi kujua. Tamthilia iliwapa vyumba vyao, maongezi yao, hofu zao. Mwanamke wa jukwaani enzi zile aliishi kwenye hatari, mfalme akikutaka utamkatalia vipi? Hapo televisheni ilifanya kazi ambayo vitabu havikuifanya.

La tatu, kumbukeni televisheni ya Hispania inavyokwenda. Tamthilia zao za usiku wakati ule zilikuwa na dakika 70 na zaidi, zinaanza kuelekea saa tano za usiku, matangazo yanakatiza. Nyumba nzima imekaa, bibi, mama, kijana. Mwandikaji analazimika kumpa kila mmoja kitu chake. Ndipo mapenzi yanapozidi na njama za ikulu zinarefushwa. Hilo ni kosa la muda wa kujaza, wala halitokani na kutoipenda kazi.

Panga la Flandes:

Dada Mama Riwaya, la wanawake umesema kweli tupu. Lebrijana wa Lucía Jiménez ana uso wa mtu aliyefanya kazi maisha yake yote, na matukio yake na kapteni ndiyo niliyorudia kutazama. Na Duarte pia nakubaliana nawe asilimia zote.

Lakini ningetaka wapewe hayo huku Íñigo akiwa bado mlangoni anasikiliza. Mtoto anayeishi nyuma ya kilabu anasikia mengi. Angeweza kuona machozi ya Lebrijana asiyaelewe, akayaelewa uzeeni. Hapo mwandikaji angepata vyote viwili.

Kuhusu dakika 70, hoja yako inaeleza mengi. Tukio la wale Waingereza lilitosha lenyewe. Ni historia kamili: Machi 1623 Charles, mrithi wa ufalme wa Uingereza, aliingia Madrid kwa siri na mtu wake wa karibu, Buckingham, wanajiita Smith, wamekuja kumposa Infanta (binti mfalme) María Ana, dada wa Felipe wa Nne, mfalme wa Hispania. Riwaya inawaweka njiani mwa panga mbili za kukodi usiku, Alatriste na Malatesta. Kuna watu waliofunika nyuso walioagiza kazi. Mmoja anataka watishwe tu, mwingine, kasisi Bocanegra wa Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa ya kuwasaka wazushi, anataka wafe. Alatriste anamzidi nguvu mmoja, naye badala ya kujiombea anamwombea mwenzake asiuawe. Kapteni anasimamisha mkono. Kwa huruma ile ya nukta moja anajitengenezea maadui kwa vitabu vyote vinavyofuata. Posa yenyewe ilivunjika, Charles akaondoka Madrid Septemba mwaka huohuo, na 1649 wananchi wake wakamkata kichwa. Sasa niambieni, mtu mwenye hazina hiyo anaongeza njama za nini?

Fundi wa Mapigano:

Mimi nafundisha vijana mapigano ya jukwaani, niongelee panga kidogo.

Upanga wa enzi ile, ropera, ni mwembamba na mrefu, kazi yake kubwa ni kuchoma. Mkono wa kushoto unashika jambia fupi wanaloliita vizcaína, au joho lililozungushwa mkononi kupokea pigo. Vilabuni na vichochoroni mapigano yalikuwa mafupi na machafu: joho usoni, teke la goti, jambia chini ya mbavu. Wengi walikufa siku kadhaa baadaye, kwa usaha.

Filamu ya 2006 panga zilisimamiwa na Bob Anderson, Mwingereza aliyewafundisha waigizaji panga kwenye *Star Wars* na *The Mask of Zorro*. Pale unaona uchovu. Watu wanahema, wanakosea mguu, wanaogopa. Tamthilia ilichagua njia ya kukatakata picha, mkono, uso, chuma, uso. Mwili mzima hauonekani. Mpiganaji ukimkata vipandevipande hujui yuko umbali gani na adui, na umbali ndiyo hadithi yote ya pambano la panga. Ukiona hatua moja tu ya mguu wa nyuma, unajua nani anashindwa.

Ningepewa mimi, lile pambano la uchochoroni ningelipiga kwa picha moja ndefu kutoka kwenye kona ambayo mtoto amejificha. Kumbe nami namuunga mkono Panga kuhusu Íñigo.

Mwana wa Kibokoni:

Asalaam aleikum jamaa. Nimesoma yote kimya, sasa niseme la huku kwetu Mombasa, maana mfalme mnayemtaja alikuwa na mkono hapa.

Kati ya 1580 na 1640 taji za Hispania na Ureno zilikuwa juu ya kichwa kimoja. Ngome ya Yesu, Fort Jesus, ilianza kujengwa 1593 kwa amri ya Felipe wa Pili, ramani ikachorwa na Cairati, Muitaliano wa Milano. Huyo Felipe wa Nne wa Alatriste, anayemtamani María de Castro, ndiye aliyekuwa mfalme wa wale Wareno waliokaa ngomeni. Ukipita mlango wa ngome tazama juu. Pana jiwe lenye maandishi ya 1635 ya Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira. Anajisifu kuwa kwa miaka yake ya utawala ameikarabati ngome na kuwarudisha watu wa mwambao chini ya Mtukufu Mfalme. Mfalme huyo ni yuleyule mwenye ikulu Madrid.

Na kwa nini ngome ilihitaji kukarabatiwa? Kwa sababu ya Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan, aliuawa 1614 baada ya kugombana na Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, India, akalelewa na mapadri wa Kiaugustino, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa Mombasa kutawala kama kibaraka. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa kwa mkono wake, akarudi kwenye Uislamu wa baba zake. Wareno wa mjini wakauawa. Meli zikaja kutoka Goa mwanzoni mwa 1632 kumng'oa, zikashindwa. Baadaye akaiacha ngome mwenyewe, akapanda meli akawa anawawinda Wareno baharini, mpaka mauti yakamkuta pwani ya Bahari ya Shamu.

Niambieni kama hiyo siyo hadithi ya upanga na bahari. Alatriste alikuwa anapigana kwa ajili ya taji lilelile ambalo Yusuf alilichana. Mwaka ambao Breda, mji wa Uholanzi, ilisalimu amri kwa Hispania, 1625, Yusuf alikuwa bado Goa, kijana anayesali kwa Kilatini.

Panga la Flandes:

Mwana wa Kibokoni, umenipa kitu kikubwa. Nimeusoma ujumbe wako nikarudi kukitazama kitabu cha tatu, *El sol de Breda*, kwa macho mengine. Wale askari kwenye matope ya Flandes wanadhani dunia ya mfalme wao inaishia pale, kumbe kuna vijana wa Kireno wanalinda ukuta wa matumbawe Mombasa kwa jina lilelile, nao mshahara haufiki.

Na ona lilivyo karibu na hoja yangu: ukitaka kumfanyia Yusuf tamthilia, nani atasimulia? Ukiweka kamera kila mahali utapata mfalme mwenye hasira na mapadri wanaokufa. Kila upande umeshasema habari zake hivyo kwa karne nne. Anatakiwa mtu wa ndani ya ngome.

Mama Riwaya:

Mke wake! Nimesoma kwamba alioa kwa Kikristo. Mwanamke anaamka asubuhi mume aliyefunga naye ndoa kanisani ameua kapteni na nje watu wanakimbia. Mpeni yeye kalamu.

Mwana wa Kibokoni:

Dada, umefikiri vizuri. Mimi nilikuwa namuwaza mtumwa wa ngomeni. Baada ya maafa yale Kanisa lilifanya uchunguzi Goa, mashahidi wakahojiwa juu ya Wakristo waliouawa, na maelezo yao yapo hadi leo, yamechapishwa vitabuni. Watu wadogo walikuwepo, waliona, wakaulizwa. Kutoka humo mwandishi anaweza kumjenga Íñigo wetu wa Kimvita. Mtoto wa kubeba maji, anayejua Kiswahili na Kireno, kila mtu anaongea mbele yake kana kwamba hana masikio.

Fundi wa Mapigano:

Na panga zenyewe: ropera ya Mreno dhidi ya jambia na upanga wetu wa mwambao, ndani ya ngazi nyembamba za ngome. Niiteni, nitakuja na vijana wangu bila kuuliza malipo.

Kiti cha Mbele:

Wakuu mmenipandisha hamu. Mtu asiyejua Kihispania aanzie wapi? Na je, nitazame kwanza au nisome kwanza?

Panga la Flandes:

Soma kwanza, mkuu. Vitabu sita vya mwanzo vipo kwa Kiingereza. Anza na cha kwanza, ni chembamba. Cha pili, *Limpieza de sangre*, usikiruke hata kama mtu atakwambia ruka. Ndicho chenye Inkwizisheni, na ndimo Íñigo anamoteswa akiwa mtoto akakataa kumtaja kapteni. Baada ya hapo ndipo utaelewa deni lililopo kati ya wale wawili.

Ukimaliza cha tatu, tafuta mtandaoni mchoro wa Velázquez wa kusalimu amri kwa Breda, ule wa mikuki, uliopo makumbusho ya Prado, Madrid. Ukuze. Íñigo anaapa kwamba kapteni wake alikuwa kwenye mchoro ule. Mtafute kati ya nyuso zile, utajikuta umekaa nao muda mrefu.

Kisha tazama filamu, halafu tamthilia, ukianza na sehemu zenye Malatesta na Lebrijana ili usimkasirikie Dada Mama Riwaya. Ukifika *Corsarios de Levante*, cha sita, niite: Íñigo ana miaka 17 na anagombana na kapteni, meli zinapigana Mediterania. Nataka kujua utakuwa upande wa nani.

Kiti cha Mbele:

Nimekipata cha kwanza kwa Kiingereza kwa muuza vitabu vya mitumba, kimekunjwa ukurasa wa 40. Naanza leo. Mwana wa Kibokoni, nikija Mombasa utanionyesha hilo jiwe la mlangoni?

Mwana wa Kibokoni:

Karibu sana. Njoo asubuhi mapema kabla ya jua kukaza, maandishi yanasomeka vizuri mwanga ukiwa wa ubavuni.